Maswali ya Wasomaji: Mdudu Mwenyewe Haruki Mbali, Mbona Ramani Inamkimbiza?

Toleo lililopita tuligusia wadudu wageni wanaomaliza misitu, na jinsi watafiti wanavyojaribu kutabiri watasambaa mpaka wapi, basi barua zikamiminika. Zinazofanana nimeziunganisha. Yule aliyeuliza habari za mchwa wa kwenye mapaa naomba asubiri zamu yake, ile ni kesi nyingine kabisa.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa misitu mwaka wa pili. Nimekutana na ramani ya rangi rangi, nyekundu, njano, kijani, eti mdudu anayetoboa miti atakuwa ameshafika mahali fulani baada ya miaka 10. Hivi wanajuaje jamani? Mdudu hana ratiba wala tiketi. Au wanakisia tu halafu wanapaka rangi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kukisia wanakisia, sikufichi, ila wanakisia kwa hesabu, na hesabu yenyewe ya msingi ni nyepesi kuliko unavyodhani. Unatakiwa ujue vitu viwili, mdudu anazaana kwa kasi gani na kizazi kimoja kinasogea umbali gani kutoka pale kilipozaliwa. Ukishavipata hivyo viwili unaweza kupiga hesabu ya ule mstari wa mbele unatembea kilomita ngapi kwa mwaka. Mwingereza mmoja, John Skellam, alilionyesha jambo hili mwaka 1951 kwa kutumia mnyama, maskrati, wale panya wa majini wenye manyoya. Mwaka 1905 waliachiwa watano karibu na Prague, wakazaana, wakaenea Ulaya ya kati, naye akachukua eneo walilokuwa wamelifikia kila baada ya miaka kadhaa, akatafuta kipeuo chake cha pili, akakichora kwenye grafu pamoja na miaka, ukatoka mstari umenyooka utadhani kauchora na rula. Tangu hapo kila mtafiti akawa anautafuta mstari wa mdudu wake.

Shida sasa ni kwamba wadudu wengi wa misitu wanaukataa huo mstari. Chukua nondo anayeitwa Lymantria dispar. Alipelekwa Marekani kutoka Ulaya, mji wa Medford, Massachusetts, mnamo 1868 au 1869, na Mfaransa mmoja anaitwa Étienne Léopold Trouvelot, inasemekana alikuwa na ndoto za hariri, wadudu wakamponyoka. (Mwenyewe baadaye akageukia elimu ya nyota, akachora sayari vizuri mpaka leo kuna kreta ya mwezini ina jina lake. Ndo dunia hiyo.) Huyu nondo wa asili ya Ulaya, jike ana mabawa lakini haruki. Wanaosafiri ni viwavi wachanga, wakishatoka kwenye yai wanapanda juu mtini, wanaachia uzi mwembamba, upepo unawabeba, na wengi wao wanadondokea palepale jirani. Watafiti walipoiingiza hiyo safari ya upepo kwenye hesabu wakapata kama kilomita 2.5 kwa mwaka. Wakaenda kwenye rekodi za kweli, kati ya 1916 na 1965 wakakuta kilomita 2.82 kwa mwaka, hapo kila mtu anacheka. Kisha wakafungua 1966 mpaka 1990, wakakuta kilomita 20.78. Mdudu yuleyule, na mabawa yake yaleyale yasiyoruka.

Nani kampa lifti? Sisi. Jike anataga mayai mamia kwa mkupuo, anayafunika kwa manyoya ya tumbo lake mwenyewe yawe kama bonge la sponji la kahawia iliyopauka, na hachagui pa kuyabandika, gome la mti sawa, jiwe sawa, chini ya kiti cha bustani sawa, ndani ya tairi la trela pia sawa tu. Mwenye trela akihama anaondoka nayo, na hayo mayai yanakaa miezi mingi bila kuanguliwa, kwahiyo hata safari ya wiki mbili barabarani haiyasumbui.

Ndo maana modeli za siku hizi, yaani hizo hesabu za kutabiri, zinabeba mwendo wa aina mbili kwa wakati mmoja. Kuna ule wa mdudu mwenyewe, wa pole pole, mti hadi mti. Alafu kuna mruko wa mbali, wa nadra, wa kubebwa, unaoanzisha kijikundi mbele kabisa ya mstari. Hivyo vijikundi vinakua, vinakutana, vinaungana na kundi kubwa la nyuma, na ukitazama kwenye ramani unaona kasi inaongezeka mwaka hadi mwaka wakati mdudu hajabadilika chochote. Mruko wenyewe unaweza kuwa wa kutisha. Agrilus planipennis, yule mbawakavu mdogo wa kijani kinachong'aa anayeua miti ya ashi, mwaka 2022 alikutwa Forest Grove, jimbo la Oregon, wakati mahali pa karibu alipokuwa anajulikana ni huko Colorado, kama kilomita 1,500 nyuma. Na hakuonwa na mtego wala kompyuta, alionwa na mtaalamu wa viumbe wageni aliyekuwa kwenye maegesho ya shule anamsubiri mtoto wake, akaona miti ya ashi imechoka, akasogea kuitazama magome.

Kwahiyo mtabiri mzuri leo anakesha na data za watu kuliko za wadudu. Marekani kuna watafiti walichukua rekodi za watu waliobuku nafasi kwenye kambi za mapumziko, mtu anatokea wapi, anaenda kambi gani, kwasababu wengi wanabeba kuni zao kutoka nyumbani na ndani ya kuni kuna mabuu. Ukiunganisha nyumbani kwa mtu na kambi aliyoenda, maelfu kwa maelfu, unapata njia ambazo mdudu angezitumia kama angekuwa na gari. Ulaya nako, kile kinondo kidogo kinachochimba majani ya mti wa chestinati farasi, Cameraria ohridella, walipojaribu kueleza kilivyosambaa Ujerumani na Ufaransa, modeli zilizofanya vizuri ni zile zilizochanganya mwendo mfupi na miruko, zikahesabu na watu wanapoishi kwa wingi. Kilionekana karibu na ziwa Ohrid, Macedonia, katikati ya miaka ya 1980, na ilipofika 1989 kiko Austria.

Sasa nirudi kwenye ramani yako ya rangi. Nyingi ya zile zinazozunguka mtandaoni, na hapa nasema kwa maoni yangu, zinaonyesha jambo moja tu, wapi hali ya hewa na miti vinamfaa mdudu. Yaani wapi ANGEWEZA kuishi. Mtu anaisoma kama wapi ATAFIKA na lini, hayo ni maswali matatu tofauti yamepakwa rangi moja. Ukiikuta ramani ya namna hiyo uliza, barabara ziko wapi humu? Bandari je? Kama hazimo, hiyo ni ramani ya makazi, usiipe tarehe. Na jambo la pili uliza waliijaribuje. Njia ya heshima ni kuificha historia, unaipa modeli data mpaka mwaka fulani, miaka iliyofuata unaifungia kabatini, unaiambia haya tabiri, kisha unafungua kabati mnalinganisha. Modeli inayochora vizuri yaliyopita baada ya kuonyeshwa yaliyopita haijafanya kazi yoyote.

SWALI: Mbona huwa wanatangaza mdudu fulani kaingia mwaka fulani, mara baadae wanasema hapana alikuwepo tangu zamani? Mnatuchanganya, halafu mnataka tuamini utabiri wa miaka inayokuja wakati wa nyuma tu umewashinda.

JIBU: Hili swali nimelipenda, maana ndo kidonda chenyewe. Tarehe inayotangazwa ni siku mdudu ALIPOONWA. Kati ya kuingia na kuonwa inaweza kupita miaka mingi, na mtabiri akiichukua siku ya kuonwa akaifanya siku ya kuzaliwa, hesabu yake yote inapinda, mdudu atamtokea ana mbio kuliko alivyo.

Huyu huyu wa ashi aligunduliwa mwaka 2002 upande wa Detroit, na Windsor ng'ambo ya mto, upande wa Canada. Wakati huo miti ilikuwa inakufa mitaa kwa mitaa, kwahiyo mtu yeyote mwenye akili alijua hakuingia jana. Watafiti wakaingia kazini na keekee za kutolea sampuli, yale mabomba membamba ya chuma unayoyazungusha kwenye shina yakatoka na kijiti cha mbao chenye pete zote za umri wa mti. Wakachukua sampuli za zaidi ya miti elfu moja kusini mashariki mwa Michigan, iliyokufa na iliyokuwa inakaribia kufa, kwa mpangilio wa miraba kwenye ramani. Unazisoma pete moja moja, pana ni mwaka wa neema, nyembamba ni mwaka wa ukame au wa kuumwa, na ya mwisho kabisa ndo mwaka mti ulipokata roho. Ukilinganisha na pete za miti yenye afya ya eneo hilohilo unaweza kuutoa ukame pembeni ukabaki na mdudu. Wakakuta mti wa kwanza aliouua ulikufa 1997. Na kwa kuwa mti mkubwa hauuawi na mabuu wawili watatu, inachukua miaka ya kuzaana kimyakimya, wakahitimisha kwamba aliingia mwanzoni hadi katikati ya miaka ya 1990. Na cha zaidi, ile kasi ikajitokeza wazi, mwanzoni vifo vilisambaa kama kilomita 4 kwa mwaka, baadae vile vijikundi vya mbele vilipoanza kuungana ikaruka kufika karibu 13.

Wakati mwingine ushahidi unakaa kwenye makabati ya makumbusho. Kile kinondo cha chestinati nilichokitaja, watu walikiona katikati ya miaka ya 1980, lakini watafiti walipokwenda kupekua majani makavu ya mti huo yaliyohifadhiwa na wataalamu wa mimea wakakuta jani lililochumwa Ugiriki mwaka 1879, na ndani yake mabuu wa kinondo hicho wamebanwa bapa pamoja na jani. Miaka zaidi ya 100 yuko kwenye karatasi na hakuna aliyemwona.

Ongeza na hili, mdudu anaonekana pale watu wanapomtafuta. Mitego inawekwa karibu na barabara kwasababu anayeiweka ana gari na ana haraka. Usipolirekebisha hilo kompyuta itakuapia kwamba mdudu anapenda lami.

SWALI: Dunia si inazidi kupata joto? Basi si watasambaa kila mahali tu, modeli ya nini.

JIBU: Inategemea mdudu anazuiwa na nini. Nondo wa misonobari anayetembea kwa mistari, Thaumetopoea pityocampa, viwavi wake wanakula wakati wa baridi, usiku, wakitoka kwenye kiota cha hariri, na ili watoke inabidi mchana kiota kiwe kimevuka nyuzi 9 na usiku hewa isiwe chini ya sifuri. Hizo namba mbili zinatosha kabisa kumwekea mpaka. Baridi ikilegea mpaka unasogea, na kweli kaskazini kati mwa Ufaransa umesogea kilomita 87 kati ya 1972 na 2004. Ila hata huyu, kuna makundi yamekutwa mbali mbele ya mstari, na njia yao ilikuwa miti mikubwa ya kupandikizwa iliyosafirishwa na udongo wake, pupa, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuwa nondo, wamelala kwenye udongo. Hapo joto halihusiki na kufika, linahusika na kupona akishafika.

Mwingine baridi haimtishi, buu wa Agrilus chini ya gome anaweza kuvumilia mpaka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri, kwahiyo ukimtabiri kwa joto peke yake utapoteza muda, mtafute kwa miti ya ashi na magari. Na kuna wanaokuta meza imeshaandaliwa: vidukari vya saiprasi vilionekana Malawi mwaka 1986, ilipofika 1990 viko Kenya, na vilikuta mashamba makubwa ya mti wa aina moja yamepandwa yakiungana. Kwa mdudu wa namna hiyo ramani ya mashamba inakupa jibu kabla hujagusa data za hali ya hewa.

SWALI: Mimi naona mnakula hela za bure. Mmetabiri, mdudu akaja. Msingetabiri, angekuja. Tofauti iko wapi?

JIBU: Nusu uko sahihi ndugu yangu, na sitabishana na nusu hiyo. Kwa yule wa ashi Marekani waliweka karantini ya serikali kuu miaka mingi, wakafuatilia, wakatabiri, na Januari 2021 wakaifuta kabisa, mdudu alishawashinda mbio.

Nusu nyingine njoo tuangalie yule nondo wa Trouvelot. Tangu 2000 Marekani wanaendesha mpango wa kupunguza kasi, wameujenga moja kwa moja juu ya ile modeli ya mwendo wa aina mbili. Hawahangaiki na kundi kubwa la nyuma, wanashughulika na vile vijikundi vya mbele. Wanatandaza mitego maelfu kwa maelfu kwenye ukanda ulio mbele ya mstari, kila mtego una harufu ya jike, madume yakinasa wanajua kijikundi kiko wapi, wanaongeza mitego hapo mpaka wakizingire, kisha mara nyingi ndege inapita kumwaga harufu hiyohiyo ya jike msitu mzima, madume yanazunguka kama yamechanganyikiwa, hayapati mwenza. Hii inafanya kazi kwasababu kikundi kidogo kina udhaifu wake, wachache wakitawanyika hawaonani, hawapandani, wanaisha wenyewe. Wanaiita athari ya Allee. Mpango huo umepunguza kasi ya kusambaa kwa zaidi ya nusu. Nondo bado anakuja, ila kuchelewesha miaka mingi kwa msitu mzima sio hela ya bure hata kidogo.

Lakini usiuhamishe huo ujanja kwa kila mdudu. Kuna mbawakavu mdogo sana, Euwallacea fornicatus, aliyegunduliwa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 2017, huyu jike anapandwa na kaka yake humohumo ndani ya tundu kabla hajatoka nje, akiruka ameshabeba mimba na ameshabeba kuvu wake wa kulishia watoto. Mmoja anatosha kuanzisha ukoo. Kwa huyo kusubiri wakose wenza ni kujidanganya.

SWALI: Satelaiti na akili mnemba si zinamaliza kazi siku hizi?

JIBU: Satelaiti inaona kilele cha mti kikikauka. Buu yuko chini ya gome, na mti unapoanza kukauka juu kiasi cha kuonekana kutoka angani, wadudu wa kizazi cha kwanza walishatoka na kwenda zao. Kwa hesabu za vifo vya miti kwenye eneo kubwa iko vizuri sana, kwa tahadhari ya mapema bado. Akili mnemba inajifunza kutoka kwenye data zilezile za mitego ya kando ya barabara, kwahiyo rudi kwenye jibu la pili.

Kama mnataka teknolojia inayonifurahisha mimi, kuna nyigu huko Marekani anaitwa Cerceris fumipennis, anachimba shimo kwenye mchanga, hata kwenye viwanja vya besiboli, na kazi yake ni kuwinda mbawakavu wa ukoo wa Agrilus na ndugu zake awapeleke shimoni wakawe chakula cha watoto. Watu wanakaa pembeni ya uwanja na wavu, nyigu akirudi na mzigo wanaangalia kabeba nini. Jimbo la Connecticut walimgundua yule wa ashi kwa mara ya kwanza hivyo, mwaka 2012. Kigogota naye ni mpelelezi mzuri, akiwafuata mabuu anabandua magamba ya nje ya gome mti unabaki na mabaka meupe meupe unayaona kwa mbali.

SWALI: Kuni zilizokaa mwaka mzima zimekauka, naweza kusafiri nazo?

JIBU: Hapana. Agrilus anamaliza ukuaji wake kwa mwaka mmoja, wengine miwili, kwahiyo gogo la mwaka jana bado linaweza kutoa mbawakavu mwaka huu. Kukauka sio kupikwa. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo, ISPM 15, iliyopitishwa 2002, inataka katikati kabisa ya ubao pafike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, au itumike dawa iliyokubaliwa, na paleti iliyopita hapo inapigwa muhuri wenye alama ya suke la ngano. Kuni zako hazina muhuri, zichome hukohuko zilikokatwa. Na kama unataka kuzikagua kabla, tafuta tundu lenye umbo la herufi D, upande mmoja bapa, upana wa milimita 3 hadi 4, kisha bandua gome uone kama chini yake kuna vijia vinavyopinda pinda vimejaa unga wa mbao. Usipoona kitu bado usisafiri nazo, mabuu wachanga wanatengeneza vijia vyembamba sana.